Moto na Mafuvu Chini ya Filamu ya Mwanangu

Mwanangu alipomaliza filamu yake hakuogopa mizimu aliyoitengeneza. Aliogopa watu. Aliiweka mtandaoni Ijumaa jioni, akazima simu, akaifunika kwa kitambaa cha kochi kama mtu anayefunika sufuria nzi wasiingie. Asubuhi yake nilikuwa nikinywa chai. Akaja, akaiwasha ile simu bila kuitazama, akaiweka mezani karibu na mkate.

“Mzee, wewe una moyo mgumu,” akasema. “Soma walichoandika watu. Usinisomee. Niambie neno moja tu: niiache ama niitoe?”

“Kwa nini usisome mwenyewe?”

“Nikisoma mimi nitaona ile mbaya moja tu. Zingine zote zitapotea.”

Neno hilo moja lilikuwa zito kuliko anavyoweza kufikiri mtu asiyetujua. Mwanangu alikuwa amepita miaka thelathini. Alikuwa ameacha kazi ya kibarua katika ghala moja la Industrial Area, mtaa wa viwanda, ghala lile lile nililolitumikia mpaka nikastaafu, ili atengeneze filamu na marafiki zake. Mimi sikukubali. Nilikwenda bila kumwambia, nikamwona mwenzangu wa zamani ambaye sasa ndiye msimamizi pale, nikamwomba nafasi. Si ya kibarua tena, bali ya karani wa stoo, ya kudumu. Akaniambia ataishikilia mpaka Jumatatu.

Mwanangu alipopata habari hizo tuligombana mpaka majirani wakapunguza redio ili wasikie vizuri. Mke wangu ndiye aliyetupatanisha. Alitukalisha mezani akatoa hukumu yake: “Watu waione kwanza. Wakiikataa, wewe kijana utakwenda kazini Jumatatu bila maneno. Wakiikubali, wewe baba yake utamwachia kazi yake, bila maneno pia.” Tulikubali. Akaomba, tukasema amina. Basi asubuhi ile ya Jumamosi, mimi niliyekuwa na upande wangu katika kesi ndiye niliyekabidhiwa kusoma ushahidi. Ningekuwa mtu mwaminifu ningemwambia ampe mama yake simu. Sikusema hivyo. Nilifuta miwani.

Nieleze kwanza filamu yenyewe, ili maoni ya watu yaeleweke.

Ilikuwa hadithi ya mahame. Mtaa mzima wa Eastlands, huku kwetu mashariki mwa jiji, umehamishwa, milango imeng’olewa, mbwa tu ndio waliobaki. Mwanamume mmoja anarudi kuchukua kitu alichosahau nyumbani kwake. Anapopita kati ya nyumba tupu anasikia majirani wa zamani wakimwita kutoka madirishani kwa sauti wanazozijua watu wa mtaa: njoo uchukue chumvi yako, njoo umshike mtoto kidogo. Akiitikia, hatoki tena. Sisi tuliotoka magharibi mwa nchi tulilelewa na onyo hilo. Giza likiingia, ukiitwa na sauti ambayo mwenyewe humwoni, unanyamaza kwanza. Unangoja iite tena, kwa sababu mtu wa kweli hachoki kuita. Mwanangu alilitoa kwa mama yake.

Aliipigia picha katika safu ya nyumba za zamani, mtaa wa jirani, ambazo wapangaji wake walikuwa wamehama. Hakuwa na pesa. Damu ilikuwa rangi ya keki ndani ya uji wa muhogo. Ukungu ulikuwa moshi wa majani mabichi juu ya jiko la makaa, na mtu mmoja kazi yake ilikuwa kupepea kwa mfuniko. Mizimu ilivaa mapazia yetu ya sebuleni. Na sauti kubwa kuliko zote, ya mama mwenye kuita kutoka dirisha la mwisho, ilikuwa ya mke wangu. Huyu ni mwanamke wa kanisa, anayeheshimiwa, anayeuza mboga na dagaa wa omena karibu na Jogoo Road. Alisimama katika dirisha lisilo na kioo, poda ya mtoto usoni, akaita. Siku ile nilikataa kwenda kutazama.

Jambo jingine lilinitia wasiwasi hata kabla ya siku ya maoni. Walipokuwa wakipiga picha, wanaume wawili wa mtaa ule walikuja wamekasirika. Mmoja alimwambia mwanangu, “Kwa hivyo sisi ni makaburi? Watu wako hapa nyuma wanapika, na wewe unasema hapa wamekufa wote?” Mwanangu alitabasamu, akawaomba waingie kwenye filamu. Wa kwanza alikubali kwa furaha, akawa mzimu. Wa pili aliondoka akisema watakutana. Neno hilo “tutakutana” mwanangu alirudi nalo nyumbani akinisimulia, mimi nikalala nalo.

Sasa nikaanza kusoma. Mwanangu alitoka akasimama penye bomba uani, akawa anaosha viatu vilivyokuwa vimeshaoshwa. Nilimwona kupitia mlangoni. Kila mara maji yaliponyamaza nilijua ananisikiliza.

Maoni ya kwanza yalikuwa ya kejeli, au ndivyo nilivyoyaona. Mmoja aliuliza: “Mzimu wa pili amevaa raba mpya, huko ahera kuna mtumba?” Mwingine: “Mji wa wafu na mita ya stima inawaka taa, nani anawanunulia tokeni?” Mwingine alikuwa amesikia honi ya matatu iendayo mjini katikati ya kimya cha kutisha, akaandika: “Mizimu wanakwenda tao saa ngapi?” Chini yake watu wakajibizana, mmoja akisema nauli yao ni sanda. Nilijikuta karibu kucheka, nikajizuia, maana mtoto anapochekwa baba hacheki.

Kisha nikafika pa neno lenyewe. “Hii muvi ni noma.” Nikashuka. “Noma sana.” Nikashuka tena. “Yule mathe wa dirishani ni noma, ameniua kabisa.”

Lazima mtu aelewe noma ilikuwa nini kwetu. Nimekaa Eastlands tangu nikiwa kijana, na nilijiona mtu ajuaye Sheng, lugha ya mtaa, kwa maana sisi ndio tuliizungumza kabla ya hawa kuzaliwa. Noma ilikuwa balaa lenye aibu ndani yake. Askari wakiingia penye pombe haramu na wewe umeketi, hiyo noma. Mtu akikutwa na mke wa mwenzake, hiyo noma. Hukuwahi kumwambia mtu jambo lake ni noma naye akakushukuru. Na sasa watu nisiowajua walikuwa wamemwandika mke wangu noma, mtu baada ya mtu, mbele ya ulimwengu, kana kwamba wanapitishiana sahani.

Masikio yangu yakawa moto. Nikawaza kina mama wa kanisa, nikawaza kesho yake Jumapili.

Nikaendelea kushuka, na hapo ndipo nilipoona moto wenyewe. Watu hawakuandika maneno, waliweka picha ndogo za moto, safu nzima, mmoja baada ya mwingine. Na kati ya moto, mafuvu ya vichwa. Moto, moto, fuvu. Fuvu, fuvu, moto. Mmoja aliandika chini ya moto wake: “Director tunakutafuta.”

Mtu aliyekulia mahali pengine labda angesoma hivyo akapita. Mimi nimeishi katika mitaa ambapo neno “mwizi” likipigwa kelele mchana kweupe, kabla hujauliza nani, gurudumu la kumchomea mtu limekwisha kuletwa. Niliwahi kusimama kando ya barabara nikaona miguu tu kati ya watu, na nikasikia harufu, na walioiwasha ile njiti walikuwa watu niliowasalimia asubuhi. Kwetu moto si pambo. Nikamkumbuka yule mwanamume aliyesema watakutana. Nikaibonyeza ile simu vibaya, maoni yakaruka mpaka ya chini kabisa.

Ndipo nikakuta maoni ambayo hayakuwa na lugha ya vijana. Yalikuwa Kiswahili cha kawaida, kirefu kidogo, kama barua. Mtu alikuwa ameandika: “Nimeitazama hii na mama yangu. Alizaliwa kwenye nyumba kama hizi. Yule mama alipoita kutoka dirishani, mama yangu aliitikia kabla hajajizuia. Tulicheka, halafu tukanyamaza wote wawili. Akaanza kunitajia majirani wake mmoja mmoja. Asante, kijana. Fanya nyingine.”

Niliyasoma mara mbili. Hapakuwa na neno hata moja ndani yake nisilolielewa.

Maji yalinyamaza uani. Mwanangu akasimama mlangoni, kiatu kimoja mkononi kikitiririka.

“Haya, Mzee.”

“Itoe,” nikasema.

Hakusogea. Tone la maji likaanguka sakafuni. “Wamesemaje?”

“Ulisema nisikusomee.”

“Basi usisome. Niambie tu.”

“Wanamtukana mama yako. Na wewe wanataka kukuchoma.”

“Kunichoma?”

“Kukuchoma moto. Wanasema wanakutafuta.”

Akanitazama kama mtu anayetafuta kasoro katika noti. Kisha akauliza swali ambalo mpaka leo nalisikia kwa sauti yake, pole pole: “Wote?”

Hapo ndipo ilipokuwa njia panda yangu. Sikudanganya kuhusu noma, sikudanganya kuhusu moto. Hayo niliyaamini, na hofu yangu ilikuwa hofu ya kweli. Lakini swali la “wote” lilikuwa na jibu, na jibu nilikuwa nalo, lilikuwa bado linang’aa kwenye kioo mbele yangu. Nikaona Jumatatu. Nikamwona akiingia langoni na kadi ya kazi shingoni, mimi nikifa hata kesho yeye ana mahali pa kwenda asubuhi.

“Wote,” nikasema.

Alikuja, akachukua simu akiigeuza uso chini, akaenda nayo chumbani. Aliporudi aliniambia imekwisha, ameifuta. Sikujua siku hiyo kwamba ukiifuta filamu, maoni ya watu nayo hufa chini yake, kila moja, na hayarudi hata ukiiweka tena. Hilo nililijua baadaye, lilipokuwa halinisaidii.

Mke wangu alipotoka sokoni akatukuta tumeketi kimya kila mtu na ukuta wake.

“Kuna msiba?” akauliza.

“Wameikataa,” mwanangu akasema.

Akashusha kikapu. “Na mimi? Wamesema nini juu yangu?”

Nilimwambia aache tu, watu hawana adabu. Laiti ningemtajia lile neno lenyewe! Yeye anauzia vijana omena kila siku, angeangua kicheko papo hapo. Lakini nilitaka kumkinga, au niseme kweli, nilitaka mambo yaishe. Jumapili alikwenda kanisani akaketi nyuma, yeye ambaye hukaa mbele na kina mama wenzake. Kwaya ilipoanza hakuinua sauti. Wiki hiyo yote aliuza mboga akiwa ameinamisha kitambaa usoni, na mteja akicheka kando yake alishtuka. Niliyaona hayo. Nilijiambia yatapita.

Jumatatu mwanangu alikwenda kazini. Hakusema neno, kama mapatano yalivyotaka. Nami, sitaficha, nililala usingizi mzuri wiki ile.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda kwa kinyozi. Ni kibanda cha mabati karibu nasi hapa Mbotela, viti viwili, kioo kimoja, na benchi la vijana wasionyolewa ambao huenda pale kuzungumza. Kinyozi ni kijana wa heshima. Alininyoa ndevu, akanipaka spiriti, akaninyooshea ukosi, kisha akarudi nyuma hatua kunitazama.

“Hapo sasa! Buda, leo umetokelezea noma.”

Nikageuka kwenye kiti. “Unasema?”

“Noma, Mzee wangu. Noma sana!”

“Mimi nimekukosea nini?” nikamwuliza, na sauti yangu haikuwa ya mzaha. “Nimekulipa kila mara. Mimi ni wa umri wa babako, unaniita noma mbele ya watu?”

Kinyozi akashika mashine yake kifuani kama ngao. “Mzee, nimekusifu.”

“Umenisifu kwa noma?”

Hapo benchi likaanguka kwa kicheko. Mmoja alilala juu ya mwenzake. “Buda bado yuko kwa Sheng ya wakoloni!” akasema.

“Mkoloni nani? Sisi ndio tuliianzisha hiyo Sheng yenu,” nikasema.

“Mliianzisha mkaisahau ikipikwa, Mzee. Imeungua, imepikwa tena!”

Kinyozi akawanyamazisha, akaniambia kwa upole: “Mzee, siku hizi noma inaweza kuwa mbaya, inaweza kuwa nzuri kupita kiasi. Unasikiliza tu imesemwa vipi. Wewe umependeza, hiyo ndiyo noma yako.”

Sikucheka nao. Nikauliza, nikitazama kioo badala ya kuwatazama wao, “Na mtu akiandika moto kwenye simu? Picha ya moto?”

“Moto ni moto, Mzee. Umeweza. Kitu iko juu.”

“Na fuvu?”

“Fuvu ni nimekufa. Nimekufa kwa kucheka.”

“Na ‘ameniua’?”

“Hivyo hivyo. Amenimaliza kwa raha.” Akainama karibu nami. “Kwani nani amekutumia mafuvu, Mzee? Usiniambie ni shosho, nyanya wa pale kanisani.”

Wakacheka tena. Nikalipa, nikatoka, na nje jua lilikuwa kali mpaka nikasimama kidogo nikishika mlango. Moto wote ule, nikawaza. Safu nzima ya moto. Walikuwa wakimpigia mwanangu makofi, nami nikamwambia wanaleta gurudumu.

Nilikwenda moja kwa moja kwa mke wangu sokoni. Nilimweleza nikiwa nimesimama, katikati ya wateja. Kwanza alishika mdomo, kisha akauliza, “Walisema mimi ni noma?”

“Ndiyo.”

“Mimi? Wa dirishani?”

“Wengi sana.”

Uso wake ulifunguka nikaona msichana niliyemwoa. Akacheka mpaka akafuta machozi kwa ukingo wa leso. Akamwambia mwenzake wa meza ya pili, “Unasikia? Wiki nzima nimejificha, kumbe mimi ni noma!” Kisha kicheko kikamwishia ghafla, akanigeukia.

“Na mtoto umemwambia?”

“Bado.”

“Yote uliyoyasoma hukuyaelewa? Hata moja?”

Nikanyamaza. Mke wangu amenijua miaka mingi, alisoma kimya kile vizuri kuliko nilivyosoma ile simu.

“Mimi usiniambie,” akasema, akianza kupanga upya mafungu ya mboga za sukuma ambayo yalikuwa yamepangwa. “Mwenye kuambiwa yuko kazini. Jumamosi wanafanya mpaka alasiri. Nenda.”

Nilitembea mpaka Industrial Area, njia niliyoipita maisha yangu yote. Nilifika wakati wa chakula cha mchana. Vibarua walikuwa wameketi juu ya matofali kando ya ukuta, wakila chapati na maharagwe kutoka kwa mama mmoja mwenye masufuria. Mwanangu alikuwa kati yao, kadi ya kazi shingoni kama nilivyoiota. Aliponiona alisimama haraka.

“Mama yuko sawa?”

“Yuko sawa. Keti. Nimekuja kuhusu yale maoni.”

“Hayo yaliisha, Mzee.”

“Niliyasoma vibaya.”

Nikamweleza noma, nikamweleza moto na mafuvu, na yule aliyeandika “Director tunakutafuta,” na kinyozi. Wenzake waliacha kutafuna. Nilitaka kumvuta kando, lakini hakuinuka, nami nikaona kwamba sikustahili kuchagua mahali. Mmoja wao akasema, “Ngoja, Buda, ulidhani moto ni wa kuchoma?” Nikasema ndiyo. “Na Director tunakutafuta?” Nikasema ndiyo. “Ai! Huyo labda alikuwa na kazi ya kumpa!” Wakaanza kucheka, kisha wakatazama uso wa mwanangu wakaacha.

“Wakasema nini kingine?” mwanangu akauliza. “Niliyafuta. Mimi sikuona hata moja. Wewe pekee ndiye uliyeyaona.”

Hapo ndipo nilipofahamu kwamba maoni yale hayapo tena mahali popote isipokuwa kichwani mwangu, na kichwa changu ni cha mzee. Nikayatoa moja moja, kwa Sheng yangu mbovu, mbele ya kundi lile. Nikataja raba za mzimu.

“Nilimwambia avue!” mwanangu akasema, akapiga goti. “Nilimwambia!”

Nikataja tokeni za stima, nikataja nauli ya sanda. Vibarua wakashangilia, mmoja akaomba nirudie. Nikataja mama wa dirishani aliyewaua watu. Mwanangu alikuwa anatabasamu akitazama chini, akikunja kipande cha chapati bila kukila, nami niliona kwamba kila sentensi inamwingia kama maji kwenye udongo mkavu. Ningeweza kuishia hapo. Watu walikuwa wamefurahi, kosa lilikuwa la lugha tu, mzee na Sheng yake, kila mtu angenisamehe. Nilikaa kitambo nikitamani iwe hivyo.

“Kuna nyingine,” nikasema. “Hiyo ilikuwa Kiswahili.”

Nikamwambia yote, juu ya yule mtu na mama yake, na jinsi mama alivyoitikia. Nikamaliza na yale maneno ya “fanya nyingine.” Hakuna aliyecheka. Yule mama wa masufuria alikuwa ameacha kuosha sahani.

Mwanangu akaniuliza, bila kuinua macho, “Na hiyo pia hukuielewa?”

“Niliielewa.”

“Nilikuuliza, wote?”

“Uliniuliza. Nikasema wote.”

Kengele ya ghala ikalia. Wenzake wakainuka wakikung’uta suruali, wakapita kando yetu bila kututazama, kama watu wanavyopita penye mlango uliofunguka nusu. Yeye akabaki ameketi.

“Mzee, ungesema tu unaogopa,” akasema. “Ungesema, mwanangu naogopa utalala njaa nikifa. Ningekuja hapa kazini hata bila huo moto. Lakini ulichukua watu wangu ukaniambia wananichukia.”

Nilisema samahani, kwa mara ya kwanza kwake tangu azaliwe nadhani, na neno likatoka dogo. Akaitikia kwa kichwa, akasimama, akaingia langoni. Mlinzi, ambaye nilifanya naye kazi, alinipungia mkono.

Kazi hakuiacha. Alisema amepewa nafasi kwa jina la baba yake na hataniaibisha. Lakini Jumapili, baada ya kanisa, yeye na wenzake wa filamu hukutana. Na siku moja bila kuniambia aliirudisha ile filamu mtandaoni. Safari hii watu hawakuwa wengi. Wale wa kwanza walikuwa wamekwisha kupita, kama umati unaopita sokoni usipokuwa na bidhaa mezani. Moto ulikuja mmoja mmoja. Yule mtu aliyeitazama na mama yake hakuandika tena. Namngojea mpaka leo kuliko hata mwanangu anavyomngojea.

Maoni yanapokuja, anayeyasoma ni mke wangu. Huketi wawili kochini, yeye na mwanawe, vichwa pamoja juu ya kioo, naye husoma kwa sauti ile ya dirishani, na kicheko chao hunifikia nikiwa uani. Nikiingia, hawanyamazi kabisa. Wanapunguza tu. Wiki iliyopita nilisimama mbele yao nikiwa na miwani mkononi, nikaomba nisome angalau machache.

Mwanangu alimtazama mama yake, kisha akanitazama mimi. Hakukuwa na hasira usoni mwake.

“Bado, Mzee,” akasema.

Nikasema sawa. Nikarudisha miwani kwenye kifuko chake, nikatoka nje, nikawaachia sebule.